Makabila ya Wanyama, na Jinsi Watu Walivyoyatambua

Siku moja, tulipokuwa tukiwafundisha watoto habari za wanyama, mmoja wao alisimama akatuuliza, "Mwalimu, jongoo wa shambani na jongoo bahari, je, ni ndugu?" Tulimjibu upesi bila kufikiri, "Ni ndugu. Mmoja amekaa bara, na mwenziwe amekwenda baharini." Mtoto akaketi, akaandika katika daftari lake kama tulivyosema. Jibu lile halikuwa kweli. Majina yao yafanana, na maumbo yao kwa mbali yafanana. Lakini kwa ukoo jongoo bahari yu karibu nasi wanadamu kuliko alivyo karibu na jongoo wa shambani.

Kosa letu tulilitambua baada ya siku nyingi, tulipokaa kitako kusoma mambo haya kwa utaratibu. Deni la mwalimu hulipwa kwa kufundisha upya. Basi haya ndiyo malipo yetu kwa mtoto yule, na kwa wasomaji wengine waliofundishwa kama yeye. Tutaeleza jinsi watu walivyowagawa wanyama tangu zamani, na makosa waliyoyafanya, na alama walizozipata hata mwisho za kutambulisha kila kabila. Tena tutaonyesha ya kuwa jambo hili si la wenye vitabu peke yao. Kwani neno moja la ovyo katika kuwataja wanyama lilipata kuwadhuru watoto wa shule yetu wenyewe.

Kila taifa lina njia yake ya kuwapanga viumbe. Sisi twasema mnyama, ndege, samaki, mdudu. Neno hili mdudu ni kapu kubwa mno. Ndani yake tumetia siafu na nzi, buibui na nge, tandu na chango, hata na vile viletavyo magonjwa visivyoonekana kwa macho. Lakini lugha yetu hiyo hiyo yatufundisha pia njia iliyo bora. Tazama maneno haya: kifaru, kiboko, kipepeo. Kwa mwanzo wake yafanana na kiti, kisu na kitabu, na mgeni ajifunzaye Kiswahili huweza kusema, "Kifaru kimekimbia." Sisi twasema, "Kifaru amekimbia," kama tusemavyo, "Mtu amekimbia." Silabi ya mwanzo ni vazi tu, upatanisho wa maneno ndio uonyeshao jamii yake. Wenye elimu ya wanyama walihitaji miaka zaidi ya 2,000 kujifunza jambo hilo hilo juu ya viumbe wenyewe.

Katika watu wa kale ambao maandishi yao yametufikia, hapana aliyewatazama wanyama kwa bidii kama Aristotle Myunani, aliyezaliwa mwaka 384 na kufa mwaka 322 kabla ya Kristo. Alikaa muda katika kisiwa cha Lesbos, akawauliza wavuvi, akawapasua samaki na pweza, na katika vitabu vyake ametaja wanyama wa namna 500 hivi. Aliwagawa mafungu mawili: wenye damu na wasio na damu. Katika wenye damu aliwatia watu, wanyama wa miguu minne, ndege, nyoka na samaki. Katika wasio na damu aliwatia pweza na ngisi, kaa na kamba, wadudu, na wale wakaao ndani ya makombe.

Kugawa kwake kulikuwa na kosa, maana alihesabu damu nyekundu peke yake. Pweza ana damu, ila ni ya rangi ya samawati kwa sababu ndani yake mna shaba badala ya chuma. Na nyungunyungu wa shambani ana damu nyekundu, wala hana mfupa hata mmoja. Lakini Aristotle aliona jambo moja ambalo wengi waliomfuata walilisahau. Alisema pomboo na nyangumi wasihesabiwe pamoja na samaki, kwa kuwa wanavuta hewa, wanazaa, na kuwanyonyesha watoto wao. Hakudanganywa na mkia wala na maji.

Ikapita miaka 2,000 na zaidi. Mwaka 1735 kijana mmoja wa Uswidi, jina lake Carl Linnaeus, alipiga chapa katika mji wa Leiden, Uholanzi, kitabu chenye kurasa chache kubwa, akivipanga vitu vyote vya asili. Wanyama aliwagawa mafungu sita: wenye miguu minne, ndege, jamii ya vyura na nyoka, samaki, wadudu, na minyoo. Katika chapa hiyo ya kwanza nyangumi alirudishwa kwa samaki. Linnaeus mwenyewe alijisahihisha. Katika chapa ya kumi ya mwaka 1758 alimwondoa huko, akamweka pamoja na wote wanyonyeshao.

Lakini fungu la mwisho, la minyoo, lilibaki kama lilivyo kapu letu la wadudu. Kila asiyepata mahali pengine alitupwa humo. Nyungunyungu na tegu walikuwamo. Vivyo hivyo konokono, chaza, pweza, kiti cha pweza, na yavuyavu wa baharini. Alama yao ilikuwa nini? Ilikuwa hasa kukosa: hawana mifupa, hawana mabawa, hawana miguu ya mafundo. Lakini jamii haiwezi kujengwa kwa kukosa. Watu wawili wasio na ng'ombe hawawi ndugu kwa sababu hiyo.

Hata mpaka wenyewe baina ya mnyama na mmea haukujulikana sawasawa. Sisi wa pwani twayajua matumbawe. Kwa mawe yake na chokaa yake zilijengwa nyumba na misikiti ya Kilwa na Lamu. Huko Ulaya wenye elimu wengi walidhani marijani ni mmea wa baharini wenye maua. Daktari mmoja wa Marseille, Jean-André Peyssonnel, katika miaka ya 1720, aliyaweka marijani mabichi ndani ya maji ya bahari akayatazama. Aliona yale yaitwayo maua yakijikunjua na kujikunja, na yakiguswa, yakijirudisha ndani. Akasema, haya ni wanyama. Alipopeleka habari Paris, bwana mkubwa wa elimu, Réaumur, hakusadiki. Na alipowaeleza wenzake habari ile alilificha jina la Peyssonnel, ili asiaibike mbele za watu.

Aliyempatia haki yake alikuwa mwalimu. Abraham Trembley alikuwa akiwafundisha watoto wawili wa bwana mmoja nyumbani kwake huko Uholanzi. Mwaka 1740 alichota maji ya mtaro pamoja na majani yake, akaona humo vitu vidogo vya kijani kama nyuzi, vyenye mikono mwishoni. Je, ni mmea au ni mnyama? Alikikata kimoja vipande viwili, akisema moyoni, kikiishi ni mmea. Vipande vyote viwili vikaishi, na kila kimoja kikakua kikawa kizima. Lakini aliviona pia vikitembea, na kwa mikono ile vikikamata vijinyama na kuvila. Habari zake zilienea Ulaya nzima. Na mwaka 1742 Réaumur alikiri mbele ya watu ya kuwa Peyssonnel ndiye aliyesema kweli. Walimu wenzetu watafurahi kukumbuka ya kuwa kazi hii kubwa ilifanyika kwa chupa za maji, mkasi, na subira.

Kapu la minyoo lilianza kupakuliwa huko Paris. Mwaka 1793, katika siku za mapinduzi ya Ufaransa, Jean-Baptiste Lamarck alipewa kazi ya kufundisha habari za wadudu na minyoo. Alikuwa akikaribia miaka 50, na sifa yake ilikuwa katika elimu ya mimea. Na fungu alilopewa halikuwa na heshima. Yeye alilipokea akalifanyia kazi. Ndiye aliyewapa jina la wanyama wasio na uti wa mgongo. Akawatenga kaa na kamba na wadudu wa kweli; akawatenga buibui na nge, wenye miguu minane; akawatenga minyoo ya pingili na minyoo mingine. Kitabu chake kikubwa cha mafungu saba kilitoka kati ya mwaka 1815 na 1822. Kabla hakijaisha alikuwa amepofuka, na binti yake akawa akiandika maneno kwa kumsikiliza baba yake. Alikufa mwaka 1829 katika umaskini.

Mwenzake wa chuo kile kile, Georges Cuvier, alishika kisu. Mwaka 1812 alisema wanyama wote wana mashina manne tu, na alama kubwa ya kuyatambua ni mpango wa mishipa ya fahamu. Katika shina la kwanza, mshipa mkuu hupita mgongoni ndani ya uti. Katika la pili, la konokono na pweza, mishipa ina vifundo vilivyotawanyika mwilini. Katika la tatu, la wadudu, kaa na nyungunyungu, mshipa hupita upande wa tumbo, nao una kifundo katika kila pingili. Katika la nne, la kiti cha pweza na yavuyavu, mwili wote umepangwa kwa duara, kama njiti za gurudumu. Tazama jinsi swali lilivyobadilika. Aristotle alitazama damu, Linnaeus alihesabu miguu na mabawa. Cuvier aliuliza, mwili huu umejengwa kwa ramani gani?

Hata hivyo alikosa. Chini ya majahazi yetu, yakipandishwa pwani yakwanguliwe, huonekana vigamba vidogo vyeupe, vigumu kama chokaa, vilivyoshika ubao. Cuvier aliwahesabu wanyama hao pamoja na chaza, maana gamba lao lafanana na kombe. Mwaka 1826 daktari mmoja wa jeshi, John Vaughan Thompson, aliyekaa Cork huko Ayalandi, alinasa baharini vijinyama vyenye kuogelea, vyenye macho na miguu ya mafundo kama kamba wachanga. Aliviweka katika chombo cha maji. Baada ya siku chache vilishika chini, vikavua ngozi, na kumbe ni vigamba vile vile vya merikebu! Alitoa habari hiyo mwaka 1830. Mnyama aliyedhaniwa kuwa chaza alikuwa ndugu wa kaa, ila amelala chali ndani ya nyumba ya chokaa, anachota chakula kwa miguu. Mwingereza Charles Darwin alikaa miaka minane, tangu 1846 hata 1854, akiwachunguza wanyama hao tu.

Mwaka 1866 Aleksandr Kowalevsky wa Urusi alieleza jambo la ajabu zaidi. Kuna mnyama wa baharini ambaye ni kama kifuko tu kilichoshika mwambani. Ukikiminya hukurushia maji. Wengi walimhesabu pamoja na chaza. Kowalevsky alimtazama mtoto wake atokapo yaini, akaona mfano wa kiluwiluwi cha chura: ana mkia, na ndani ya mkia umo ufito wa kuuimarisha, na juu ya ufito umepita mshipa wa fahamu. Huo ndio mpango wa samaki, wa ndege, na wa mtu. Mtoto akiisha kushika mwambani, mkia hupotea, na alama ya ukoo wake hupotea pamoja nao.

Mwaka huo huo wa 1866 Mjerumani Ernst Haeckel aliyapa mafungu hayo makuu jina la phylum, kwa neno la Kiyunani ambalo maana yake ni kabila au ukoo. Hakulichagua bure. Mwaka 1859 Darwin alikuwa amekwisha kuandika ya kuwa wanyama hufanana kwa ramani ya miili kwa sababu wametoka katika wazee wamoja. Tangu hapo kuwapanga wanyama kukawa ni kutafuta nasaba. Katika vitabu vya shule leo phylum huitwa faila. Sisi hapa tutasema kabila, kwa kuwa ndiyo maana yake ya asili.

Sasa na tuyataje makabila tisa yaliyo makuu, na alama za kila moja.

La kwanza ni la sifongo. Hawa hawana kinywa, wala tumbo, wala mishipa ya fahamu. Mwili wao umejaa vitundu. Maji huingia kwa vitundu vidogo, na kutoka kwa tundu kubwa, na chakula hunaswa njiani. Robert Grant wa Edinburgh aliutambua mwendo huo wa maji katika miaka ya 1820.

La pili ni la yavuyavu na matumbawe, pamoja na kile kijinyama cha Trembley. Mwili wao ni duara. Wana tundu moja tu, ndilo kinywa na ndilo njia ya kutolea taka. Tena wana vifuko vidogo mno vyenye uzi wa sumu. Mvuvi aliyewashwa na yavuyavu ameijua alama hii kwa ngozi yake.

La tatu ni la minyoo bapa, kama tegu. Wana upande wa kuume na wa kushoto, na upande wa kichwa. Wengi matumbo yao yana tundu moja tu, na tegu hana matumbo kabisa, bali hufyonza chakula kwa ngozi yake yote.

La nne ni la minyoo ya mviringo, kama chango na wale waletao safura. Mwili ni laini kama uzi, hauna pingili. Una kinywa upande mmoja na tundu la taka upande wa pili. Na mnyoo hujivua ngozi yake akikua.

La tano ni la minyoo ya pingili, kama nyungunyungu na ruba. Mwili wao ni pete nyingi zilizofuatana, na mshipa mkuu wa fahamu hupita chini ya matumbo.

La sita ni la konokono, chaza, ngisi na pweza. Mwili ni laini. Una mguu mmoja wa nyama, na ngozi iufunikayo kama joho, ambayo kwa wengi ndiyo ifanyayo gamba. Wengi wana ulimi wenye meno madogo kama tupa. Konokono hutambaa juu ya mguu huo. Chaza huchimbia au hushika mwamba. Na kwa pweza umegeuka kuwa ile minyiri yake minane.

La saba ni la wadudu wa kweli, buibui, nge, tandu, jongoo, kaa na kamba. Miguu yao ina mafundo, na ngozi yao ni ngumu kama ngao. Kwa kuwa ngao hainyoshwi, hawana budi kuivua wapate kukua. Kabila hili hushinda yote kwa wingi. Wanyama wote waliokwisha kupewa majina ni kama milioni moja na nusu, na katika hao zaidi ya milioni moja ni wa hapa.

La nane ni la kiti cha pweza, na la yule mviringo wa miiba mirefu awachomaye wavuvi miguu, na la jongoo bahari. Miili yao imegawanyika mara tano. Chini ya ngozi mna vipande vya chokaa. Nao hutembea kwa viguu laini kama mirija, vinavyojazwa maji kwa mifereji ya ndani. Yeye jongoo bahari, akaushwaye huku kwetu na kuuzwa Uchina, ukimtazama vizuri utaiona mistari mitano toka kinywani hata nyuma.

La tisa ni letu. Alama zake ni nne, nazo hupatikana hata kama ni katika utoto tu: ufito wa mgongo, mshipa mkuu wa fahamu ulio juu ya ufito huo, nyufa za matamvua kooni, na mkia upitao tundu la taka. Samaki, chura, nyoka, ndege na mtu wamo humu, na kile kifuko cha Kowalevsky kimo pia. Wenye uti wa mgongo wote, tunaojiona kuwa ndio wanyama hasa, hatufikii namna 100,000.

Wataalamu wa leo huhesabu makabila 35 hivi, maana yako madogo mengi. Mwaka 1995 Peter Funch na Reinhardt Kristensen wa Denmaki walitangaza kabila jipya la mnyama mdogo sana aishiye juu ya midomo ya kamba mkubwa wa bahari ya kaskazini. Wala hesabu haijafungwa, kwa kuwa siku hizi wataalamu hutafuta nasaba kwa kusoma maandiko ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Kwa njia hiyo imethibitika ya kuwa kabila la jongoo bahari na kabila letu ni jirani, jambo lililokwisha kudhaniwa kwa jinsi watoto wao wanavyoumbika yaini. Mwaka 1997 likatokea lingine. Tangu Cuvier ilisadikiwa ya kuwa jongoo wa shambani na nyungunyungu ni wa ukoo mmoja, maana wote wana pingili. Urithi ulionyesha ya kuwa jongoo yu karibu zaidi na chango, asiye na pingili hata moja. Alama iwaunganishayo ni kule kuvua ngozi. Na ilikuwa ikionekana siku zote, ila watu walizitazama pete.

Sasa tutimize ahadi yetu, tueleze lile neno la ovyo. Karibu na shule tuliyokuwa tukifundisha palikuwa na bwawa lenye mayungiyungi, na watoto walikuwa wakiogelea humo. Baadhi yao walikojoa damu. Wengine waliona haya kusema. Wengine walidhani ni dalili ya kukua. Sisi tuliwaambia, "Majini mna wadudu, jihadharini." Tulidhani tumetimiza wajibu wetu. Watoto walilisikia neno wadudu wakafanya kama lilivyowaelekeza: maji ya kunywa waliyachuja kwa kitambaa, na bwawani walitafuta vitu vyenye miguu na mabawa. Hawakuviona. Basi wakaingia majini kwa amani, wakaogelea katikati ya konokono walioshika majani ya yungiyungi, wala hakuna aliyewatazama konokono hao mara mbili.

Ugonjwa ule ni kichocho, na mwenye kuuleta ni mnyoo wa kabila la tatu. Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani, aliuona katika mishipa ya damu ya maiti huko Kairo, Misri, mwaka 1851. Lakini mnyoo hutokaje kwa mtu mmoja hata kumfikia mwingine? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 60, na wengine walishikilia ya kuwa humwingia mtu moja kwa moja. Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki wa Japani walionyesha, kwa mnyoo wa namna ya huko, ya kuwa hupitia kwanza kwa konokono. Na mwaka 1915 Robert Leiper alilithibitisha hilo Misri kwa minyoo ya Afrika. Mayai hutoka kwa mkojo au choo. Yakifika maji baridi huanguliwa. Watoto huingia ndani ya konokono wakazidi humo. Kisha hutoka kwa wingi, nao humpenya mtu ngozi akiwa ndani ya maji. Kuchuja maji ya kunywa hakumkingi aogeleaye.

Linnaeus aliwaweka konokono na mnyoo katika fungu moja. Walipotengwa, mmoja kabila la tatu na mwingine la sita, ndipo ilipowezekana kuuliza mmoja afanya nini ndani ya mwingine. Sisi tuliwarudisha wote ndani ya kapu la wadudu, na watoto wetu wakapata hasara. Walipopimwa na kupewa dawa walipona; lakini wangaliweza kutougua. Ugonjwa huu ungali nasi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa ya kuukinga.

Basi tulirudi darasani. Tuliwaonyesha watoto konokono mkavu katika sahani, tukamtaja kwa jina lake na kwa kabila lake. Tukachora mnyoo ubaoni. Tukaeleza njia yake toka choo hata ngozi. Nasi tukakiri mbele yao kosa la jongoo bahari. Mtoto yule aliyeuliza alikuwapo. Alifungua daftari lake la zamani, akapiga mstari juu ya jibu letu, akaandika jingine. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake siku ile: kama jongoo bahari yu karibu nasi, uti wake wa mgongo umekwenda wapi?

Tulimwambia angoje hata kesho, tukaenda kusoma. Hakuupoteza, ukoo wake haukupata kuwa nao kamwe, maana alitengana nasi zamani sana, kabla uti haujakuwapo duniani. Wazee wetu walisema, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Peyssonnel alingoja miaka 20 hivi kabla ya kusadikiwa, na kosa la jongoo na nyungunyungu lilikaa miaka 185. Letu sisi lilikaa miezi michache tu katika daftari la mtoto mmoja, nasi tunashukuru ya kuwa aliuliza.